Waya mmoja ulibeba mambo matatu

Waswahili tunaoishi Uingereza, wengi wetu barua tumeshaipata. Inaeleza kwa upole kwamba simu ya mezani inahamia kwenye intaneti, utaletewa ruta mpya, utachomeka simu yako nyuma yake, basi. Tunaisoma nusu, tunaichanganya na barua za halmashauri za mapipa ya taka, maisha yanaendelea. Mimi barua ile imenikera kwa wepesi wake, maana inazungumzia simu peke yake, na waya unaozimwa ulikuwa unabeba mengi zaidi ya simu.

Kwa asiyefuatilia: mtandao wa simu wa waya wa shaba, unaotoka kituo cha simu cha mtaa hadi ukutani kwako, unazimwa nchi nzima. Kwanza walisema Desemba 2025. Mwezi Mei 2024 BT, kampuni kubwa ya simu ya hapa, wakasogeza mbele hadi mwisho wa Januari 2027, na sababu kubwa ilikuwa wazee na wagonjwa ambao vifaa vyao vya dharura vilikuwa vinategemea laini zile. Laini mpya za aina hiyo zilishaacha kuuzwa tangu Septemba 2023. Kwa hiyo habari ya kuhama au kutohama imekwisha. Kilichobaki ni unahamia kwa nani, na unahama na nini.

Vijana wataniuliza, simu ya mezani ya nini zama hizi? Kwa nyumba ya vijana watupu nakubaliana nao, wasitoe hata peni. Nyumba yenye mzee ni habari nyingine. Mama yangu anaishi peke yake hapa Coventry, fleti ya chini, si mbali na kwetu. Simu yake ya mkononi iko ndani ya mkoba, mkoba uko kabatini, na chaji iliisha juzi. Ile ya mezani iko pale pale kando ya kitanda, haitafutwi. Tena namba ya mezani ni ya nyumba, si ya mtu: aliyepo atapokea na habari itafika. Jamaa wa Muscat wanayo, wa Toronto wanayo, wa Dar wanayo, wengine kichwani, wengine kwenye daftari lililokwisha gamba. Ami yangu yuko Dubai, ambako kupigiana kwa WhatsApp kumezuiwa, naye hana habari ya programu nyingine yoyote. Anajua namba ile tu. (Namba za mezani za Coventry zinaanza na 024, na za Zanzibar vilevile ni 024. Mama alipohamia huku hakuna kilichomfurahisha kama hicho. Ukimwuliza namba yake anaitaja kwa fahari, kama vile bado yuko Michenzani.)

Basi nilipoanza kutafuta huduma, nilianza kwa kuuliza ule waya ulikuwa unatufanyia nini. Nikapata mambo matatu. Ulileta umeme wake wenyewe. Ulibeba kitufe cha dharura cha mama. Na ulishika namba. Kampuni zinazouza simu ya intaneti zinashindana kwa dakika za bure na kupokea ujumbe wa sauti kwa barua pepe, mambo ambayo kwa nyumba kama yetu ni mapambo.

Nianze na umeme. Simu ya zamani yenye waya haikuchomekwa kwenye soketi ya umeme kwa sababu haikuhitaji: kituo cha simu kilikuwa kinaisukumia takriban volti 50 kupitia waya ule ule wa sauti, na kituo chenyewe kilikuwa na mabetri na jenereta. Mtaa mzima uwe giza, unainua mkono wa simu, mlio upo. Hilo ndilo lililotufanya tuiamini bila kujua kwa nini tunaiamini. Simu ya intaneti inategemea ruta, na ruta inategemea soketi. Umeme ukikatika, vyote vimekufa kwa wakati mmoja. Novemba 2021 kimbunga Arwen kilipoangusha nguzo kaskazini mwa Uingereza na Scotland, kuna nyumba zilikaa siku kadhaa bila umeme, na miezi michache baadaye, Machi 2022, BT wakalazimika kusimamisha kwa muda kazi ya kuwahamisha watu, maana malalamiko yalikuwa ya haki.

Sheria za Ofcom, msimamizi wa mawasiliano, zinaitaka kampuni inayokupa simu iwe na njia ya kumwezesha mteja kupiga namba za dharura kwa angalau saa 1 umeme ukikatika, na kwa mtu anayeitegemea simu ya mezani, au aliyeko mahali ambapo simu ya mkononi haishiki, njia hiyo iwe bure. Saa moja! Ni bora kuliko sifuri, lakini usiiite kinga. Na hapa wauzaji huwa wanapita mbio. Ukiwa na faiba, ule uzi wa kioo unaoleta intaneti, inayoingia mpaka ndani ya nyumba, kuna visanduku viwili vinavyokula umeme: ruta, na kile kisanduku kidogo ukutani ambamo faiba inaishia. Betri ikilisha ruta peke yake haina maana, taa za ruta zitawaka na simu haitatoka. Ukichukua simu kwa kampuni nyingine isiyokupa intaneti, kuna na adapta yao, kisanduku kidogo cha kuunganisha simu na ruta, hicho ni cha tatu. Nilimwuliza kijana mmoja wa mauzo, kwenye simu, betri yao inalisha vifaa vingapi. Akanyamaza kidogo, akaniambia atamwuliza meneja. Muziki ukapigwa mpaka laini ikakatika yenyewe.

Sisi tuliweka betri moja ndogo ya aina ya UPS yenye matundu kadhaa, chini ya meza ya korido, inayolisha vyote vitatu. Kisha tukanunua simu ya waya ya kawaida kabisa, kwa sababu zile zisizo na waya nazo zina kitako chake kinachokula umeme. Hilo lilikuwa kweli hata enzi za waya wa shaba, na wengi walikuwa hawalijui.

Sasa kitufe. Mama anakivaa shingoni, chini ya kanga. Akikibonyeza, kisanduku kilicho karibu na simu kinapiga kituo cha huduma, na sauti inatoka kwenye spika ya kisanduku kumwuliza kama yuko salama. Serikali ilishataja kwamba watu milioni 1.8 wanatumia vifaa vya namna hii hapa nchini. Visanduku vya zamani vinawasiliana na kituo kwa milio, ile ile ya kubofya tarakimu, vikijitambulisha ni nyumba ipi na nini kimetokea. Milio hiyo iliundwa kwa ajili ya waya. Ukiipitisha kwenye intaneti, sauti ikabanwa ili kuokoa nafasi au vipakiti viwili vitatu, yaani vipande vidogo vinavyobeba sauti, vikapotea, kituo kinapokea milio iliyovunjika na hakijui nani anaita. Mwaka 2023 kulitokea matukio mazito ya watu kubonyeza na kifaa kisifanye kazi baada ya kuhamishwa, na Desemba mwaka ule kampuni kubwa zilitia saini ahadi kwa serikali kwamba hazitamhamisha kwa nguvu mtu mwenye kifaa kama hicho mpaka zihakikishe kinafanya kazi.

Ahadi ni nzuri, lakini kampuni haijui kama mama yako ana kitufe mpaka umwambie. Piga, sema, mwambie aandike, na umwombe akusomee alichoandika. Kisha wapigie wenye kitufe, maana hao ni watu wengine kabisa, mara nyingi halmashauri au taasisi ya nyumba, na pande hizi mbili hazizungumzi.

Siku ya majaribio nilikuwepo. Fundi wa kitufe alimwambia mama abonyeze. Mama akakataa, alikuwa na hofu kwamba gari la wagonjwa litakuja bure na majirani watachungulia. Tulipomtuliza akabonyeza, kisanduku kikapiga, sauti ya dada mmoja ikatoka ikimwita kwa jina lake la kwanza na kuuliza kama anahitaji msaada. Mama akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kumsikilizisha mtu aliye ng'ambo ya barabara, kwamba yeye hajambo, ni majaribio tu, na amsalimie mama yake. Yule dada akasema, kwa Kiingereza, kwamba anatuma mtu. Ilibidi fundi aingilie kati.

Tuliishia kukitoa kitufe kwenye simu ya nyumbani kabisa. Visanduku vya sasa vina laini yao ya simu ya mkononi ndani, inayoweza kurukia mtandao wowote wenye nguvu mahali hapo, na betri yao wenyewe. Ukichukua cha namna hiyo, hakikisha kinatumia 4G. Kampuni za simu za Uingereza zimekubaliana kwamba 2G nayo itakuwa imezimwa ifikapo 2033, na 3G imeshaondoka, kwa hiyo kisanduku cha bei chee chenye teknolojia ya zamani utakitupa kabla hakijachakaa. Rahisi huvunja upishi, wazee walisema.

Kitufe kilipotoka, mzigo wa simu ukapungua, nami nikaweza kuifikiria namba kwa utulivu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua simu kwa kampuni ile ile inayokupa intaneti. BT wanaiita Digital Voice, wengine wana majina yao. Unachomeka simu nyuma ya ruta, bili moja, wa kulaumiwa mmoja. Ya pili ni kuchukua intaneti kwa mmoja na simu kwa mwingine, kampuni inayouza simu ya intaneti tu, ambayo inakupa adapta ndogo yenye tundu la simu upande mmoja na waya wa mtandao upande wa pili. Mke wangu alikuwa wa njia ya kwanza, na hoja yake si ndogo: sauti ikikwama, kampuni mbili zitarushiana mpira na sisi katikati. Ni kweli. Mimi nilikuwa wa njia ya pili kwa sababu moja. Intaneti tunaibadilisha kila mkataba ukiisha, tunakimbilia aliyeshusha bei, na siku hizi kubadili ni rahisi. Tangu Septemba 2024 unamwambia kampuni mpya tu, naye anamalizana na ya zamani. Lakini simu ikiwa ndani ya intaneti, kila unapohama namba nayo inahama, na kila safari ya namba ni nafasi ya kuipoteza. Namba ikikaa kwa mtu wake, intaneti inaweza kubadilishwa hata kila mwaka na ami wa Dubai asijue.

Kuihamisha namba kuna utaratibu ambao ukiukosea hakuna wa kukuonea huruma. Usikate laini ya zamani kwanza. Laini ikifa, namba inaweza kufa nayo. Kampuni mpya ndiyo inayoiomba namba kwa ya zamani, na laini ya zamani lazima iwe hai mpaka siku hiyo. Ugumu ni kwamba kama intaneti yako inapita kwenye waya ule ule wa shaba, namba ikiondoka laini inafungwa, na intaneti inakwenda nayo. Njia safi tuliyoiona ni kuingiza faiba kwanza huku waya wa shaba ukiwa bado unafanya kazi, kuijaribu, kisha ndipo kuiita namba ije kwenye kampuni ya simu. Inapofika, waya wa shaba unafungwa. Kwa wiki chache unalipa mara mbili. Hiyo ndiyo bei ya kulala usingizi.

Na kabla ya kusaini na kampuni hiyo ya simu, nilikuwa na maswali mawili. Je, naweza kuondoka na namba yangu, na mnatoza nini? Je, mnanipa jina la kuingilia na nywila za SIP (utaratibu unaotumiwa na simu za intaneti kuunganishwa), au adapta yenu imefungwa isifanye kazi kwa mwingine? Kampuni inayokupa nywila inakuruhusu kuiweka namba kwenye adapta yoyote, hata kwenye programu ndani ya simu yako ya mkononi. Inayokataa inakuuzia kisanduku kitakachokuwa taka siku utakayoondoka. Waliokuwa na namba za Skype wanajua: huduma iliyokuwepo tangu 2003, ambayo nusu ya ughaibuni ilipigia nyumbani kwayo, Microsoft waliifunga tarehe 5 Mei 2025, na mwenye namba pale ilibidi ahangaike kuihamisha. Ukubwa wa jina si dhamana.

Ubora wa sauti niupitie haraka, kwani ndiko watu wanakotishwa bure. Kifaa kinapima sauti yako mara 8,000 kwa sekunde, kinaigeuza tarakimu, kinazituma kwa vipakiti, kwa kawaida 50 kila sekunde. Kwa kodeki ya kawaida, yaani namna ya kugeuza sauti kuwa tarakimu, iitwayo G.711, sauti ni kilobiti 64 kwa sekunde, na ukijumlisha anwani zinazoandamana na kila pakiti hufiki 100 kila upande. Intaneti yoyote ya nyumbani ya leo haiihisi. Muuzaji anayetaka ununue kifurushi cha kasi zaidi ili simu isikike anakuuzia hewa. Kinachoiharibu simu ni foleni: mtoto akipandisha video, vipakiti vya sauti vinasubiri nyuma yake, vingine vinachelewa mpaka vinatupwa, na mama anasikika kama mtu anayezungumzia ndani ya feni. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 upande mmoja. Waliopiga Unguja enzi za setilaiti, kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, wanakumbuka kukanyagana maneno kulivyokuwa, kabla nyaya za baharini kama SEACOM hazijafika pwani yetu kuanzia 2009. Leo tatizo mara nyingi liko ndani ya nyumba yako. Chomeka adapta kwa waya, usiitegemeze kwenye wifi. Kwenye mipangilio ya ruta tafuta kitu kinaitwa SIP ALG. Kimewekwa eti kusaidia simu za intaneti. Mara nyingi ndicho kinachozivuruga, ukawa wewe unamsikia mwenzio yeye hakusikii. Kizime.

Jambo ambalo lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila boksi ni anwani. Ukipiga 999, namba ya dharura, kwa waya wa shaba, waya wenyewe ulijulikana uko nyumba gani. Kwa simu ya intaneti, wanaona anwani uliyoiandikisha kwa kampuni. Adapta unaweza kuibeba mkobani. Ukiichomeka Leicester au hata Tanga, inaita na namba ni ile ile. Mama akija kukaa kwetu mwezi wa Ramadhani na adapta yake, kisha akapiga 999, gari litakwenda kwenye fleti tupu. Kwa hiyo adapta yake haitoki pale, na kwetu anatumia simu yetu.

Kuhusu kupiga nyumbani, usivutwe na neno "kimataifa" kwenye kifurushi. Soma orodha ya nchi, kisha usome tena kama ni simu za mezani tu au na za mkononi. Nilizoziona nyingi zimejaa Ulaya, Marekani na Kanada, na Afrika Mashariki iko nje, inatozwa kwa dakika, na dakika hizo si za kuchezea. Kwa wenye simu janja kule, WhatsApp inatosha. Kinachobaki ni wazee wenye viswaswadu, na hao nimeona bora niwatengee salio maalumu kwenye programu ya kupigia nje kuliko kulipia kifurushi cha mwezi mzima kwa ajili ya mazungumzo ya Idi na misiba. Kwenye laini mpya, mama naye amelazimika kuanza na 024 hata anapompigia jirani wa ghorofa ya pili, kwa sababu simu ya intaneti nyingi inataka namba nzima. Tumemwandikia kwa kalamu nene na kubandika ukutani.

Matapeli nao wamelisikia tangazo hili la kuzimwa kwa waya. Wanawapigia wazee, wanasema simu yako itakatwa leo, tupe namba ya kadi tukuhamishe. Mama nimemwambia jibu ni moja: "Zungumza na mwanangu," kisha akate. Analifurahia sana, siku hizi anawajibu hivyo hata wauza madirisha.

Ukifika kwenye kusaini, angalia bei ya mkataba inaongezeka lini. Tangu tarehe 17 Januari 2025 Ofcom wamepiga marufuku mikataba mipya ya kupandisha bei katikati kwa kufuata mfumuko wa bei. Kama ipo nyongeza, lazima iandikwe kwa pauni na peni, na mwezi wake utajwe. Mwambie muuzaji akutajie kiasi na mwezi kabla hujampa jina lako, na kama hawezi kutaja, mpigie mwingine.